Jagi Lisilo na Lebo

Vijana mnaofanya kazi za maabara mashuleni mmeniomba niandike niliyoyaona. Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, Fundi, na mshahara nao haukuwa na habari nyingi za kusimulia.

Niliripoti shuleni, kilomita chache kutoka Kharumwa, nikiwa na begi la nguo, cheti cha chuo nilichokikunja ndani ya Biblia, na viatu vilivyonibana. Nilitegemea kukuta mitungi ya gesi na mabomba yanayong'aa kama ya chuoni. Nilikuta chumba chenye meza tatu ndefu, jiko la mafuta ya taa, pipa la maji ya mvua, na mzee ameketi kwenye kigoda anafuta vumbi chupa moja moja. Alikuwa Mzee Lubinza, fundi niliyekuja kumrithi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Basi nenda jikoni kwa Mama Kulwa kwanza. Mwenye njaa husoma namba vibaya."

Hivyo mtu wa pili kufahamiana naye kazini alikuwa mpishi. Mama Kulwa alikuwa mama wa mapacha, mnene, mwepesi wa kucheka, na mwiko wake ulinifika begani. Alinipa uji na viazi vitamu, akanitazama nikila, akasema, "Huyu atakaa. Anayekomba bakuli siku ya kwanza hakimbii kazi." Nilikaa zaidi ya miaka thelathini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikula kwa mkono wake.

Niliporudi, Mzee Lubinza alikuwa ameweka bilauri tatu mezani, zote zina kitu kisicho na rangi. "Nionyeshe maji," akasema. Nikanusa, nikainamisha kichwa huku na huku, nikaonyesha ya katikati kwa kujiamini. Akachukua kipande cha kitambaa, akakichovya humo. Tulipokitazama tena baada ya chai, kilikuwa kinamumunyuka vidoleni kama mkate uliolowa.

"Hayo ndiyo maji yako," akasema. Kisha akanipa gundi, karatasi na kalamu, na wiki yangu ya kwanza yote ilikuwa ya kuandika lebo. Nilimaliza makabati mawili. Alikaa nami miezi sita, halafu akarudi kwao upande wa Mwadui kufuga ng'ombe. Siku ya kuondoka hakunipa hotuba. Alipita kabati kwa kabati akigusa lebo zangu kwa kidole, akabandua moja iliyokaa upande, akaibandika upya.

Kazi yenyewe mnaijua. Maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi ya kuharibu kila kipimo, kwa hiyo nilikinga ya mvua na kuyachemsha nipate maji safi ya mvuke wake. Wiki ya mtihani wa vitendo nilihesabu biureti mara tatu, na kila mara nilipata idadi tofauti. Kwa kuwa huku kwetu kila mtu ana ndugu kwenye machimbo, watu waliniletea mawe. Mchimbaji mmoja alikuja na jiwe amelifunga kwenye leso kama mtoto mchanga. Nilipomwambia kwamba linang'aa tu, si dhahabu, alinishukuru sana, akalifunga tena vizuri, akalipeleka kwa fundi mwingine wa shule nyingine. Watu wengi hawaji maabara kutafuta jibu. Wanakuja kutafuta jibu wanalolitaka.

Lakini jambo ninalotaka mlijue halikuanzia kwenye mtihani. Lilianza siku Mwalimu Nyamizi, mwalimu wa fasihi, alipoingia maabara akiwa amevaa miwani yake kwenye paji la uso.

"Fundi, nahitaji damu."

"Ya nani?"

"Ya jukwaani, wewe!"

Shule yetu ilikuwa na mchezo wa kuigiza wa zamani, tanzia iliyopigwa taipu kwenye karatasi zilizokwisha kuwa za njano, na hakuna aliyejua nani aliitunga. Kila kizazi cha wanafunzi kiliicheza. Ntemi, yaani chifu, anakaribishwa nyumbani kwa mdogo wake. Mke wa mdogo mtu anataka mumewe akalie kiti, basi anatia sumu kwenye maziwa ya mgeni. Ntemi anakunywa pamoja na wazee wawili wa baraza, wote wanakufa. Mume anapata kiti. Lakini kila mke anaposuuza kile kibuyu cha maziwa, maji yanatoka mekundu. Anasuuza na kusuuza mpaka akili inamtoka, na mwishowe anakibeba mbele ya watu wote na kusema alilotenda.

Miaka iliyopita walikuwa wanatumia juisi ya choya. Tatizo ni kwamba watazamaji waliuona wekundu ndani ya jagi kabla haujafika kwenye kibuyu, na wanafunzi wa nyuma walikuwa wakipiga kelele, "Tutilie na sukari!" Mwalimu Nyamizi alitaka maji yaingie meupe, yatoke mekundu, mbele ya macho yao.

Hilo nililiweza. Nilichukua magadi, haya haya tunayotilia makande yaive haraka, nikayayeyusha, nikayazungusha ndani ya kibuyu cha pili, pacha wa kile cha kunywea maziwa, nikakianika juani mpaka kikakauka. Halafu kwenye jagi la maji nikatia POP, ile dawa ya kupimia inayokaa haina rangi mpaka ikutane na magadi. Tukajaribu. Maji yakaingia safi kama ya mvua, yakatoka mekundu ya kutisha kwenye beseni jeupe. Mwalimu Nyamizi alirudi nyuma hatua mbili, na yeye ndiye aliyeyaagiza.

Nikaona nimwongezee. "Tena ukikamulia ndimu, wekundu unaondoka wote. Tunaweza kumaliza mchezo hivyo, mama wa watu akatakasika."

"Usithubutu," akasema. "Hii ni tanzia. Ukileta ndimu, wanafunzi wataniuliza kwa nini hakutafuta ndimu mapema."

Darasa lake lilipakana na chumba changu cha maandalizi, na dirisha halikuwa na kioo, kwa hiyo nilisoma fasihi bila kulipa ada. Siku moja aliwauliza kwa nini mtunzi alichagua kibuyu na si kisu. Msichana anaitwa Kabula, aliyekuwa akicheza yule mke, alijibu, "Kwa sababu kibuyu ni cha kumkaribishia mgeni, Madam. Ameua kwa kitu cha wema. Kwa hiyo kila akifanya wema tena, anakiona." Mwalimu akawaambia hiyo ndiyo maana ya ishara ya hatia: kitu cha kawaida kabisa ambacho mtu mmoja tu hawezi kukitazama. Nilikuwa nasafisha pipeti. Nilicheka kimoyomoyo. Mimi nilijua wekundu ule ni magadi tu.

Mchezo ulipangwa uonyeshwe mara mbili: Jumamosi alasiri kwa wanafunzi, na Ijumaa inayofuata kwa wazazi na bodi ya shule. Jumamosi hiyo niliandaa majagi mawili ya plastiki, meupe, mapacha kama watoto wa Mama Kulwa. Moja la maziwa ya kunywa, yaliyokorogwa kwa unga wa maziwa. La pili la maji ya kusuuzia. Sikuyabandika lebo. Mimi, niliyewahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa sababu ya chupa isiyo na jina! Nilikuwa na haraka, na redio ya mlinzi ilikuwa dirishani inatangaza mpira, timu yangu imepata kona. Nikatia kifuniko kimoja cha POP kwenye jagi, nikafunika yote mawili, nikaenda kuisikiliza ile kona. Haikuzaa bao.

Mchezo ukaenda vizuri sana. Masunga, kijana mrefu aliyecheza ntemi, alikunywa maziwa yake kwa heshima, akafa polepole, wazee wake wawili nao wakafa pembeni yake. Ikafika zamu ya Kabula. Akachukua jagi la maji, akamimina kwenye kibuyu, akakitikisa, akamwaga kwenye beseni.

Maji yakatoka meupe.

Kabula akatazama beseni, akatazama kibuyu, kisha akainua uso akalia, "Hata damu yake imenikimbia!" Watu wakapiga makofi mpaka wengine wakasimama. Mwalimu Nyamizi alinikamata mkono, machozi yanamtoka. "Umeona ubunifu ule, Fundi? Umeona?"

Mimi nilikuwa nimeona jambo jingine. Kama POP haikuwa kwenye maji, ilikuwa kwenye maziwa. Nilikwenda nyuma ya pazia nikafunua jagi la maziwa. Lilikuwa tupu.

Niwaambie msiojua: dawa ile zamani ilikuwa ikiuzwa madukani kuwasaidia watu waliofunga choo. Si ya kuua mtu. Inafanya kazi yake taratibu, na inaifanya kwa uaminifu. Jumapili asubuhi ntemi na wazee wake wawili hawakuonekana kanisani. Walikuwa kwenye foleni ya choo, foleni ya watu watatu ambayo haikwisha. Nesi wa zahanati aliwapa maji ya chumvi na sukari, na Jumatatu walikuwa wamerudi darasani, wembamba kidogo, wanacheka.

Ningesema siku hiyo, yangekwisha kwa kucheka. Lakini Mkuu wa shule alikuwa ameshapata jibu lake. Baada ya mchezo, Mama Kulwa alikuwa amewawekea waigizaji ugali na maharage, maana walichelewa chakula. Wale watatu ndio walafi, wakamaliza hadi ukoko. "Maharage yamelala," akasema Mkuu. Akamwita Mama Kulwa ofisi ya walimu, mbele yetu, akamwambia akapumzike nyumbani mpaka bodi ikae Ijumaa. Sote tulijua maana ya kupumzika.

Mama Kulwa alisema, "Mkuu, maharage yale hata mimi nimeyala." Akasubiri kidogo. Akafungua kamba ya aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti.

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Niliendelea kukishika.

Siku nne zilizofuata nilijitetea mbele ya hakimu ambaye ni mimi mwenyewe, na kesi bado nilikuwa naishindwa. Jumatatu nilijiambia bodi itamsamehe. Jumanne nilijiambia nina watoto wanaosoma. Naye ana watoto, nikajibiwa. Jikoni waliweka kibarua aliyepika ugali wenye mabonge kama ngumi, na wanafunzi wakaimba wimbo wa kumwomba Mama Kulwa arudi. Hata kumeza nilikuwa siwezi, na msidhani ni kwa sababu ya mabonge peke yake.

Jumatano ilikuwa siku ya mazoezi. Safari hii nilibandika lebo kubwa za kusomeka kutoka barabarani. Kabula akamimina, akatikisa, akamwaga. Maji yakatoka mekundu kuliko siku zote. Wanafunzi wakashangilia, "Fundi! Fundi!" Nikageuza uso nikatazama ukuta. Nilijua kipimo cha dawa ile, nilijua magadi yale yamenunuliwa gulio gani, na bado sikuweza kulitazama beseni.

Nilimwuliza Mwalimu Nyamizi, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hivi huyu mama kwa nini hakusema tu siku ile ile?"

"Angesema siku ile ile isingekuwa tanzia," akajibu huku akikunja mapazia. "Ingekuwa kikao tu."

Alhamisi baada ya vipindi nilipanda baiskeli nikaenda kwa Mama Kulwa. Nilimkuta uani anatandaza dagaa kwenye mkeka, dagaa wa Nkome, kumbe ameshaanza kujipangia biashara ya kuuza gulioni. Hilo lilinichoma zaidi kuliko kama ningemkuta analia.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba, Baba Minza. Karibu. Sogeza kigoda."

Sikusogeza. "Mama, maharage yako hayakuwa na kosa. Ni mimi. Nilitia dawa kwenye jagi la maziwa badala ya la maji. Nimelijua tangu Jumamosi, na nimenyamaza."

Akaendelea kutawanya dagaa kwa vidole, taratibu, mpaka kona ya mkeka ikajaa.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nani huosha vyombo vya shule ile? Jumamosi jioni nimelichukua lile jagi la maziwa, nimetia majivu nisugue, nikaona limekuwa jekundu kama ua. Nikasema, aa! Hii ndiyo ile damu ya Baba Minza. Imefuata nini kwenye maziwa? Kesho yake watoto wanaharisha. Mimi sikusoma, lakini hesabu ndogo kama hiyo naiweza."

Kigoda nikakisogeza mwenyewe. "Sasa mbona hukusema, mama? Umevuliwa aproni mbele ya watu na umenyamaza!"

"Ningesema, ungekuwa umekamatwa. Nilitaka uje." Akajifuta mikono kwenye khanga. "Nilikupa mpaka leo jua likizama. Kesho kwenye bodi ningesema mwenyewe, tena ningesema kwa sauti. Mimi si malaika, Baba Minza. Kazi yangu naipenda."

Nilitazama jua. Lilikuwa limebakiza kama mkono mmoja.

"Umenipunja," nikasema. "Ungenipa mpaka Jumanne ningekuja Jumanne."

Hapo akacheka, kicheko chake kile cha kutikisa mabega, na mimi nikajikuta nacheka na machozi yananitoka, wala sikuona aibu. Alinifungia dagaa kwenye gazeti nimpelekee mke wangu. Nikamwambia, "Wabeja, mayu," asante mama, kwa Kisukuma cha nyumbani, kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa kimekwisha.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu, nikamkuta anamwagilia maua yake, nikamwambia kabla hajanikaribisha. Alinisikiliza mpaka maji ya mpira yakafurika miguuni mwake. Alikuwa mtu mkali lakini wa haki. Alichosema kwanza ni, "Nimemwaibisha yule mama mbele ya walimu." Cha pili, "Na wewe ulikuwepo." Hicho cha pili ndicho kilichouma.

Ijumaa asubuhi nilisema tena mbele ya bodi. Mwenyekiti aliagiza niandikiwe barua ya onyo, na ilistahili. Kisha akamwita Masunga, kwa kuwa ndiye aliyedhurika, aseme kama ana neno.

"Sina kinyongo na Fundi," Masunga akasema. "Ila Jumamosi nilikufa kwa heshima kabisa. Jumapili heshima yote ikaisha."

Bodi ilishindwa kuandika kumbukumbu kwa dakika nzima. Mama Kulwa alirudishiwa aproni yake palepale, Mkuu mwenyewe akamwomba radhi, tena mstarini, wanafunzi wote wakisikia. Kelele walizopiga zilirusha kunguru juu ya paa. Alipoulizwa kama ameridhika, Mama Kulwa alisema barua ya onyo ni ya serikali, yeye ana adhabu yake. Wiki moja nisonge ugali wa shule.

Mchezo wa jioni ile sikumbuki mengi. Nakumbuka kwamba Kabula alipomwaga maji na wazazi wakashtuka, nilitazama. Nilitazama mpaka mwisho, kama mtu mwingine yeyote aliyelipa kiingilio.

Wiki ya ugali naikumbuka zaidi. Msiojua kusongea watu mia tatu, mwiko ule si wa kuchezea. Siku ya kwanza mikono iliniwaka mpaka mabegani, na Mama Kulwa amesimama nyuma yangu anasema, "Geuza, Baba Minza, geuza, mabonge yanakuona!" Siku ya nne akaacha kunisahihisha. Siku ya tano akaonja, akawaita wapagazi wa kuni waje waonje. Walimu walianza kupita jikoni bila shughuli, wakinicheka, na mimi niliwapakulia. Sijui kama niliwahi kuwa na wiki nyepesi kuliko ile katika kazi yangu yote, na jioni nilikuwa siwezi kuinua hata kikombe.

Baadaye miaka ilipita kama inavyopita shuleni, kwa mihula. Mama Kulwa alistaafu kabla yangu. Mwalimu Nyamizi alihamishiwa Shinyanga mjini. Mimi nikakabidhi funguo kwa fundi mpya anayeitwa Neema, binti mtulivu mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, nikaja hapa shambani. Miezi ya mwanzo nilikuwa naamka na kujiuliza kama pipa limefunikwa. Nilimpigia simu Neema mara nyingi kuliko ilivyopasa, na alinivumilia.

Mwezi uliopita alinipigia yeye. Sauti ilikuwa inatetemeka. Alikuwa ameiangusha mizani, ile mizani nzuri tuliyoisubiri miaka, na sindano yake imevunjika.

Nikauliza, "Umemwambia nani?"

"Mkuu, Fundi. Nimemwambia kwanza, ndiyo nikakupigia wewe. Kanigombeza sana. Nilikuwa nauliza tu kama unamjua mtu wa kuitengeneza."

Nikampa namba ya fundi wa mizani, nikamwambia asilie. Halafu nikakata simu, nikaenda uani alipokuwa mke wangu anapukuchua mahindi.

"Kuna nini shuleni?" akaniuliza.

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Leo ndiyo nimestaafu."